Nunua Kipimo Kabla ya Kikatio

Naikumbuka vizuri Jumamosi ile ya Novemba, mwanangu. Tulikuwa kwenye uwanja wa kulenga shabaha, mwendo wa saa moja kaskazini ya Toronto, na mume wangu Melkiori alikuwa amejishika uso kwa mikono yote miwili. Bunduki ilikuwa juu ya meza, mtutu ukielekea mbele kama sheria ya uwanja inavyotaka. Hakuanguka wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Resti, niangalie jicho." Nikamwangalia. Miwani yake ya kinga ilikuwa na madoadoa meusi kana kwamba imenyunyiziwa pilipili manga, na shavuni, chini kidogo ya miwani, palikuwa na vitone vya damu. Jicho lilikuwa zima.

Risasi ile niliijaza mimi.

Nakuandikia haya kwa sababu umenitumia picha za vikatio vitatu vya maganda ya risasi, ukaniuliza, shangazi, ninunue kipi? Uliuliza kwa Kiingereza, nami nakujibu kwa Kiswahili. Najua unakisoma vizuri kuliko unavyokiri. Ningeweza kukutajia kimoja nikanyamaza. Lakini mimi nilipokuwa na umri wako nilipewa jibu fupi namna hiyo, nikalidharau, kwa hiyo wewe nakupa refu. Chemsha chai.

Kazi yenyewe unaijua, ila nitaieleza kidogo kwa ajili ya mama yako, maana najua atasoma. Bunduki ya kuwindia ikishapigwa, ganda la shaba hubaki. Ganda hilo unaweza kulijaza upya: fataki mpya ya kuwashia kitakoni, baruti ndani, kichwa kipya cha risasi mdomoni. Lakini kila likipigwa na kushindiliwa tena kwenye kalibu ili lirudi umbo lake, shaba hutambaa kwenda mbele, kama donge la chapati unapolisukuma. Ganda huwa refu. Likizidi urefu, mdomo wake hubanwa ndani ya bunduki na kukikaba kichwa cha risasi, kikatoka kwa shida, na nguvu ya baruti iliyokusudiwa kwenda mbele huanza kutafuta njia ya kurudi kwa mpigaji. Ndiyo maana tunayapunguza maganda. Urefu unaozungumziwa hapa ni unene wa unywele, pengine nywele mbili. Jicho haliuoni.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa nimetoka Babati miaka miwili nyuma kumfuata Melkiori, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha samani. Mimi nilikuwa dobi katika nyumba ya kutunzia wazee. Tulipanga chumba cha chini ya nyumba kule Mount Dennis, na kila Novemba Melkiori alikwenda kuwinda kulungu na wenzake wa kiwandani. Nilianza kumsindikiza uwanjani kwa ajili ya kutoka nje tu. Baadaye nikachukua leseni yangu mwenyewe, na nikagundua kwamba kulenga si kazi yangu sana, lakini mikono yangu inapenda kujaza maganda. Ni kazi ya kurudia jambo lilelile bila kuchoka. Mtu aliyekunja mashuka elfu anaiweza.

Aliyenifundisha ni Mzee Anselmo. Alikuwa Mgoa mzaliwa wa Tanga, na kabla ya kuja huku alifanya kazi katika karakana ya reli nyumbani. Huku akawa fundi wa kuchonga vyuma Mississauga mpaka alipostaafu. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, na aliniita binti tangu siku ya kwanza. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nilipomwambia kwamba sasa nataka vyombo vyangu mwenyewe, nisiwe naazima vyake, alifikiri kidogo akasema:

"Kabla hujanunua cha kukatia, nunua cha kupimia. Kikatio hakijui kinakata nini."

Akanionyesha kile kipimo chake cha taya mbili, ambacho mafundi hukiita kalipa, kilichokuwa kwenye kisanduku chenye kitambaa ndani. Kisha akanionyesha kikatio chake: mashine ndogo ya kukereza kwa mkono, unafunga ganda, unazungusha mpini, unafungua. Ganda moja, dakika moja. Nilimshukuru. Moyoni nikasema, huyu mzee ana muda wote wa dunia, mimi nina zamu.

Na kulikuwa na jambo jingine, mwanangu, ambalo sitalificha kwa kuwa ndilo lililonichagulia chombo. Wenzake Melkiori walikuwa wakimtania. "Hivi kweli, unapiga risasi za mkeo?" Wakacheka. Melkiori alicheka nao, hakuona neno. Mimi niliona. Nikataka nijaze nyingi, kwa haraka, zing'ae, niwawekee mezani wanyamaze.

Basi kulikuwa na mwanachama mmoja wa uwanja ule aliyekuwa akihama mji, akiuza kikatio chake cha mota. Ukisukuma ganda ndani, kinanguruma kidogo, unalitoa limekwisha. Muda wa kuhesabu moja mpaka nne. "Kimeshatengenezwa urefu wake," alisema, "usikiguse, wewe kata tu." Nikakichukua. Kipimo nikasema nitanunua mwezi ujao. Nilijiambia kwamba wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kumbe mvivu naye hutafuta methali ya kujifunika.

Maganda hamsini niliyamaliza kabla wali haujakauka jikoni. Lakini nilikosea mpangilio. Mzee Anselmo alikuwa akiyashindilia maganda kwenye kalibu kwanza, ndipo akate. Mimi, kwa kuwa mashine ilikuwa mpya kwangu na mikono ilikuwa ikiniwasha, nilikata kwanza, ndipo nikayashindilia. Kalibu ikayasukuma yakarefuka tena, mengine kidogo, mengine zaidi, na mashine ile, ambayo huliegemea ganda kwenye bega lake, pale linapoanza kuwa jembamba kuelekea mdomoni, haikuwa na namna ya kukata sawa maganda ambayo mabega yake hayakuwa sawa bado. Hayo yote niliyajua baadaye. Siku ile niliyapanga mezani kwa mstari, nikainama, nikayatazama kwa jicho moja. Yalikuwa sawa kama meno. Jicho la mtu ni shahidi mwenye upendeleo.

Melkiori alipoziona risasi alifurahi. Akasema, "Usimpe mtu hata moja mpaka nizijaribu mimi uwanjani." Nikaitikia.

Siku mbili baadaye, yeye akiwa zamu ya mchana, akapita Kalume. Kalume ni Mkenya wa Malindi, alikuwa akifanya kazi na Melkiori, na mwaka ule alikuwa anatangulia kambini kaskazini siku chache kabla ya msimu kufunguliwa, awahi kurekebisha shabaha ya bunduki yake. Walitumia bunduki za aina moja.

"Shemeji," alisema akiwa mlangoni, hata viatu hajavua, "nasikia siku hizi wewe ndiye fundi wetu. Hebu nipe ishirini nikaonje."

Neno fundi lilinipendeza. Nikampa ishirini ndani ya boksi, na Melkiori sikumwambia.

Sasa turudi uwanjani Jumamosi. Risasi ya kwanza na ya pili zilitoka vizuri. Ya tatu ndiyo ile. Komeo la bunduki lilikataa kufunguka, fataki ilikuwa imetoboka, na moshi wa moto ulirudi nyuma. Mzee Anselmo alikuwa meza ya tatu kutoka kwetu. Alikuja, akamtazama Melkiori usoni kwanza, akahakikisha anaona vidole vyake viwili, kisha akakusanya risasi zote zilizobaki mezani akazitia mfukoni. "Hizi hapigi mtu," alisema. Tukaenda kwake Mississauga.

Nakumbuka karakana yake ilivyokuwa chini ya nyumba, kila bisibisi na kivuli chake kilichochorwa ukutani. Aling'oa vichwa vya risasi kimoja kimoja, akamwaga baruti kwenye kopo, akapima maganda na kuandika kwenye karatasi. Melkiori alikuwa amekaa kwenye stuli na kitambaa chenye barafu shavuni. Mwisho Mzee Anselmo akavua miwani.

"Binti, ulikata kabla ya kalibu au baada?"

"Kabla."

"Na kipimo ulichotumia?"

"Bado sijanunua."

Akaitikia kwa kichwa. Hakugomba. Akahesabu tena. "Uliniambia ulijaza hamsini. Hapa, pamoja na zile tatu zilizopigwa, naona thelathini."

Melkiori akanitazama. Nikasema, "Ishirini ziko nyumbani."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi siku ile nilijikwaa ulimi mchana kweupe, nimekaa kwenye kiti, sina haraka yoyote. Sikulazimishwa. Ningeweza kusema ziko kwa Kalume, nikaaibika dakika tano, tukatafuta namna. Lakini niliuona uso wa mume wangu wenye barafu, nikakumbuka aliniambia nisimpe mtu, na neno likatoka lenyewe. Mzee Anselmo akasema, "Basi zilete wiki ijayo tuzivunje," akatupa chai.

Kalume alikuwa kwenye kambi isiyo na simu. Msimu ulikuwa unafunguliwa Jumatatu.

Jumapili asubuhi nilikuwa napiga pasi shati la Melkiori la kwendea kanisani. Nilipiga pasi mkono mmoja mara tatu. Nikasema bila kuinua uso, "Zile ishirini haziko hapa. Nilimpa Kalume."

Nilidhani atauliza kwa nini. Akainama akachomoa waya wa pasi ukutani, akalivaa shati vilevile, mkono mmoja umenyooka na mwingine una makunyanzi.

"Vaa koti," alisema. "Misa itatusubiri wiki ijayo."

Tulipita Barrie, tukapita Parry Sound, tukaacha barabara kubwa tukaingia ya changarawe. Saa tatu na nusu za safari, na tulizungumza labda mara nne, zote kuhusu njia. Siwezi kusema nilikuwa nalia. Nilikuwa nahesabu. Ikiwa Kalume amepiga tatu za kurekebishia, zimebaki kumi na saba. Ikiwa katika thelathini zetu Mzee Anselmo alikuta kumi na moja mbaya, basi katika kumi na saba ni ngapi? Hesabu haikuishia popote nilipopapenda.

Tulimkuta amekaa nje ya kibanda cha kambi pamoja na wenzake wawili, wanakunywa kahawa, bunduki zimefungiwa ndani.

"Ala! Shemeji!" alisema akisimama. "Mmekuja kula nyama hata haijapigwa?"

"Nimefuata risasi zangu," nikasema.

Akadhani ni utani. Nikamweleza: nimekosea urefu, sikupima, nyingine ni hatari. Melkiori aligeuza shavu lake ili mwenzake alione.

Kalume aliliangalia lile shavu kwa muda. Kisha akasema, "Mbona mimi juzi nimepiga tatu, zote zimekwenda sawa? Tena zimepiga mahali pamoja."

"Hizo tatu zilikuwa nzima. Zilizobaki sijui."

"Basi tuache tusijue, shemeji. Nimeshairekebisha bunduki kwa hizi. Kesho alfajiri naingia msituni."

"Siondoki bila hizo risasi."

Wale wenzake wawili hawakujua Kiswahili, lakini walielewa kwamba mwanamke amekuja kutoka Toronto kumnyang'anya mtu kitu, wakaanza kutabasamu. Kalume akaona wanavyotabasamu. Akaingia ndani, akatoka na boksi, akaliweka juu ya kisiki badala ya kunipa mkononi.

"Umenialika karamu," alisema, "halafu umekuja kubeba sufuria."

Melkiori alikuwa amechukua nusu boksi la risasi za dukani alizokuwa nazo nyumbani, akampa. Zilikuwa na kichwa cha uzito mwingine. Ilimbidi Kalume arekebishe bunduki upya, akatumia nyingi katika hiyo kazi, na Jumanne alimkosa kulungu dume mwenye pembe ambazo mpaka leo akizieleza hunyoosha mikono yote miwili. Wiki yake ya likizo iliisha bure. Tangu siku ile aliacha kupita kwetu. Ilipita kama miezi minane ndipo akanisalimia tena, kwenye ubatizo wa mtoto wa watu, na alinisalimia kwa sababu tulikuwa tumepangwa meza moja.

Jumatatu nilipotoka kazini nilipanda basi mpaka Mississauga, boksi limo kwenye mkoba. Nikamwambia Mzee Anselmo, "Juzi nilikudanganya. Hizi hazikuwa nyumbani." Nikamsimulia.

Alizivunja zote kumi na saba mbele yangu. Sita zilikuwa ndefu. Moja ilikuwa ndefu kuliko ile iliyomrudia Melkiori, kwa kadiri alivyoweza kukadiria. Aliliweka lile ganda peke yake pembeni ya meza, akakaa.

"Nilikuamini," alisema. "Ndiyo maana Jumamosi nililala usingizi."

Nikaanza kusema kuhusu kikatio, jinsi yule mtu alivyoniambia kimeshatengenezwa, nisikiguse. Aliinua kidole.

"Mashine haina kosa. Ulitaka kasi, ikakupa kasi. Kukata kabla ya kalibu, hilo ni kosa la mwanafunzi, hata mimi nimeharibu vyuma ambavyo mpaka leo nikivikumbuka naona haya. Fundi huharibu. Lakini nimekaa karakanani maisha yangu yote, binti, na kipande kibovu kikijulikana hakimuui mtu, kinatupwa pipani. Kinachoua ni kile ambacho mtu mmoja anajua ni kibovu, na amenyamaza."

Alisema hayo kwa sauti ileile anayosemea bei ya vitunguu. Sijawahi kugombezwa kwa sauti kubwa yoyote ikanikaa vile.

Yule mtu aliyehama hakuniuzia kitu kibaya. Kikatio kile kilikuwa kizuri, na baadaye Mzee Anselmo alinifundisha kukitumia na nilikitumia miaka. Lakini kwanza alinifanya ninunue kipimo, akaniazima mashine yake ya mkono, akaniambia nikate maganda mia mbili kwa kuzungusha mpini, kila moja nilipime kabla na baada. Nilikata. Nilipofika kama la tisini, vidole vyangu vilianza kujua ganda refu kabla kipimo hakijasema. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kalume sasa ni mzee kama mimi, anaishi Brampton na wajukuu. Tukikutana kwenye shughuli za watu huwasimulia vijana jinsi Bibi Resti alivyoendesha saa tatu kwenda kumnyang'anya risasi nzima. Watu hucheka, nami hucheka kidogo. Mara moja tu nilimwambia, sita zilikuwa mbaya. Akasema, "Ndivyo unavyosema wewe." Na ni kweli, ndivyo ninavyosema mimi. Sina cha kumwonyesha. Jambo baya lililotokea huacha kovu, kama lile dogo alilonalo Melkiori shavuni. Jambo baya lililozuiwa haliachi kitu, na aliyelizuia huonekana mwenda wazimu. Ukitenda sawa, zoea kuonekana hivyo.

Basi, vikatio vyako vitatu.

Kile cha kwanza kwenye picha, kijiti chenye kisu ncha yake, hukata urefu mmoja tu kilichoundiwa. Ni cha polepole na kitakuumiza kiganja, lakini hakina cha kurekebisha, kwa hiyo hakina cha kukosewa. Kwa mtu mwenye bunduki moja na maganda hamsini kwa mwaka, kinatosha, na jirani yako hatasikia kitu. Cha pili, cha mpini, kinakubali maganda ya kila aina, ila ni lazima ukitengeneze urefu mwenyewe na ukihakikishe kila unapoanza. Cha tatu, cha mota, kinawafaa wanaokata mamia, tena kinataka maganda yaliyokwisha kupita kwenye kalibu. Sikukatazi. Nakwambia tu kwamba kinafanya kosa kwa kasi ileile kinayofanyia kazi. Mimi ningeanza na cha kwanza, nikahamia cha pili mwakani. Lakini siku ile unayoingia dukani, chukua kipimo kwanza, na ikiwa mfuko unatosha kimoja tu, toka na kipimo, uje kwangu tutumie kikatio changu.

Kalibu kwanza, kisha kata, kisha lainisha mdomo wa ganda, kisha pima. Usipime moja ukayaamini mengine. Asiyekuonyesha vipimo vya maganda yake asikupe risasi zake, na wewe usimpe mtu risasi zako hata akikuita fundi mara kumi. Usichague chombo kwa sababu kuna watu unataka wanyamaze. Na siku utakayokosea, maana utakosea, sema palepale, mbele ya yeyote aliyeko, kabla ya chai kumiminwa. Aibu ya dakika tano ni nyepesi kuliko changarawe ya njia ya Parry Sound.

Mungu akulindie macho yako mawili na vidole vyako kumi, mwanangu. Akupe mkono usiotetemeka na ulimi usiochelewa. Na wanaosimama karibu nawe, nao warudi makwao wazima.